Kutoka Saosao hadi Kisii 1914: Venye vilima vya Gusii viliamua nani anashinda vita

Ukidandia mathree Kisii mjini ukielekea Keroka, kabla hata konda hajamaliza kukusanya doo utakuwa ushaonja shida iliyosumbua kila kamanda aliyewahi kuingia Gusii na jeshi. Barabara inapanda, inashuka, inakata kona, inapanda tena. Shuka hapo Keumbu, penye wamama wamepanga ndizi kando ya lami, uangalie pande zote. Unaona mgongo wa kilima, nyuma yake bonde, nyuma ya bonde mgongo mwingine, na huo nao umeficha bonde lake. Msee wa Embakasi aliyezoea ardhi tambarare atatoa simu apige picha. Kamanda ataanza kujiuliza maswali. Nyuma ya hiyo kona kuna nani? Huko chini ni kinamasi ama kumekauka? Nikianza kurushiwa vitu kutoka pale juu, nitakimbilia wapi?

Shuleni tulipewa majina na tarehe. Otenyo alimchoma mzungu mkuki, Waingereza wakalipiza, basi, geuza ukurasa. Kitu hatukuelezwa ni venye jamii iliyokuwa na milima poa hivi ya kujilinda ilichapwa vibaya 1905 na 1908, halafu miaka sita baadaye Wajerumani wakaingia Kisii mjini na mzinga na bado wakahepa usiku wakiwaacha majeruhi wao nyuma.

Jibu langu ni hili, na nitaling'ang'ania hadi mwisho: mlima unakusaidia tu kama adui analazimika kukufuata huko juu. Akipata njia ya kukufanya wewe ndiye umfuate, mlima wako umebaki kuwa mandhari.

Mlima unakupa nini haswa

Kitu cha kwanza ni macho. Ukiwa juu unaona adui akija mapema, unajua ni wangapi na wanapitia wapi. Kitu cha pili ni pumzi. Kisii mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilima cha Nyamasibi kinafika mita 2,170. Jaribu kukimbia kupanda hapo ukiwa umebeba ngao na mkuki, ama bunduki na risasi mia moja kiunoni. Ukifika juu, mwenye alikuwa anakungoja amekaa, ameshiba, mkono wake hautetemeki. Wako unatetemeka. Kwa mtu wa kurusha mkuki au kulenga shabaha, hiyo tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kitu cha tatu ni matope. Gusii inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu ukilowa unageuka sabuni. Chini ya mabonde mengi kulikuwa na vinamasi. Siku hizi sehemu kubwa imepandwa mikaratusi ama inachimbwa udongo wa matofali, kwa hivyo kijana wa leo anaweza asijue kwamba hapo babu yake angezama hadi magoti. Jeshi lililokwama kwenye kinamasi haliwezi kukimbia mbele wala nyuma, na aliye kwenye mteremko analitazama tu.

Sasa hapa ndipo wasee wengi hukosea. Wanadhani mahali pazuri pa kusimama ni kileleni kabisa, ka kwenye filamu. Zii. Ukisimama kileleni, mwili wako unachorwa kwenye anga na kila mtu bondeni anakuona. Halafu vilima vya Gusii vingi ni mviringo, vimevimba ka mgongo wa kobe. Simama juu ya kilima cha aina hiyo uangalie chini: unaona upande wa pili wa bonde vizuri sana, lakini mguu wa kilima chako mwenyewe huuoni. Tumbo la kilima limeuziba. Adui akishafika pale chini, anaweza kupanda akikaribia bila wewe kumwona hadi awe hatua hamsini kutoka kwako. Ndio maana askari wenye ujuzi hushuka kidogo kutoka kileleni, mpaka pale ambapo wanaona mteremko wote hadi chini, na nyuma yao kuna ardhi wala si anga.

Kuna na hii ya kuchanganya kujificha na kujikinga. Mgomba unakuficha, lakini shina lake ni maji na nyuzi, na risasi inapita hapo ka kisu kwenye mkate. Mwamba wa Manga unakuficha na pia unasimamisha risasi. Msee aliyejificha kwa migomba yuko salama mpaka pale mwenzake atakapoamua kumwaga risasi kwa shamba zima bila kulenga mtu.

Mfano safi kabisa wa haya mambo hauko Gusii, uko Taveta, kwenye kilima cha Salaita, penye Waingereza na Wajerumani walikutana wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza, wakiwa na brigedi mpya iliyotoka Afrika Kusini, walienda kukichukua. Mizinga yao ikatwanga kilele hadi vumbi ikafunika kila kitu. Tatizo ni kwamba kileleni hakukuwa na mtu wa maana. Wajerumani walikuwa wamechimba mahandaki yao chini, karibu na mguu wa kilima, wakafyeka vichaka mbele yao ili waone vizuri, wakaweka ua wa miiba. Kuna sababu ya kukaa chini hivyo ukiwa na bunduki ya rashasha. Ukipiga kutoka juu sana, risasi inashuka na kuchoma ardhi mahali pamoja, ikimkosa mtu imeisha. Ukipiga ukiwa karibu usawa na anayekuja, risasi inasafiri kimo cha kiuno mita mia kadhaa, na ikimkosa wa kwanza inampata wa nyuma yake. Vijana wa Afrika Kusini waliingia hapo wakarudi mbio. Walipoteza zaidi ya watu 130, wakiwemo waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, aliyekuwa amefika kuchukua usukani, hakurudia ule ujinga. Alituma jeshi kuzunguka kaskazini, na Wajerumani wakaona watafungiwa nyuma. Wakaihama Salaita bila vita vikubwa. Kilima kilikuwa kile kile na mahandaki yale yale. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna mtu aliyelazimika kukipanda.

Shika hiyo ya Smuts, tutaihitaji tukirudi Kisii.

Kabla ya mkoloni: ukuta, vijana na ng'ombe

Simulizi za Abagusii zinasema walitoka nyanda za Kano, chini kule karibu na ziwa, wakahangaika sehemu kadhaa kabla ya kutulia kwenye hizi nyanda za juu. Sababu zilikuwa nyingi, njaa ikiwemo, lakini majirani wenye nguvu walikuwa sababu kubwa. Kuishi juu ilikuwa uamuzi wa usalama kabla haujawa uamuzi wa kilimo. Majani chai yalikuja baadaye sana.

Na hawakuachia mlima kila kitu. Walijenga orwaki, ngome ya kuzungushia boma, na walikuwa na egesarate, kambi ya ng'ombe penye vijana ambao hawajaoa walilala wakilinda mifugo. Ukitaka kuona kazi ya aina hiyo bado imesimama, enda Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta za mawe makavu, hakuna saruji, hakuna hata udongo wa kushikanisha, na sehemu zingine zinapita mita nne kwenda juu. Milango imefanywa midogo makusudi. Mtu anaingia akiinama, mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Fikiria wewe ni mshambuliaji na hicho kichwa ni chako.

Egesarate ndiyo ilikuwa akili zaidi, kwa maoni yangu. Vita vingi vya enzi hizo vilikuwa vya ng'ombe, na uvamizi wa ng'ombe una udhaifu mmoja: kuingia ni rahisi, kutoka ni noma. Unaingia usiku, wepesi, kimya. Unatoka asubuhi na mamia ya ng'ombe wanaopiga kelele, wanaokataa kuvuka mto, wanaotaka kula njiani. Nduru ikipigwa mgongo mmoja inasikika mgongo wa pili, huko nao wanapiga, na kabla jua halijawa kali vilima vitano vinajua kuna soo. Watetezi hawana haja ya kukimbiza mtu kwa nyuma. Wanajua kivuko ni wapi, wanaenda kungoja hapo.

Vita ambavyo wazee wa Kisii huvitaja kwa kifua mbele ni vya Saosao, mwanzoni mwa miaka ya 1890, mwaka 1892 ukitajwa sana. Wakipsigis waliingia kwa nguvu kubwa na wakapata kipigo kilichowarudisha nyuma kwa muda mrefu. Usisome hiyo ukidhani upande mmoja ulikuwa na mashujaa na mwingine waoga. Wapiganaji wa Kipsigis waliogopwa eneo zima la magharibi. Lakini walikuwa wageni kwenye mabonde ya watu, na walihitaji kurudi nyumbani kupitia ardhi ambayo wenyeji waliijua hadi jiwe la mwisho la kuvukia mto.

1905 na 1908: mlima unapogeuzwa kuwa mtego

Miaka kumi na tatu baada ya Saosao, Septemba 1905, akaja mgeni mwingine. Alikuwa na askari wachache wa King's African Rifles, wale tunawaita KAR, pamoja na polisi. Ukihesabu vichwa tu, wale watu walistahili kumezwa. Vijana wa Gusii waliokuja kuwakabili walikuwa wengi kuliko wao kwa mbali.

Cheki venye mchezo ulibadilika. Wale askari hawakupanda kuwafuata watu milimani. Walijipanga mraba, bunduki na bayoneti zikitazama pande zote nne, rashasha ikiwa tayari, wakangoja. Bunduki ya Maxim ya wakati huo ilitoa risasi karibu 500 kwa dakika. Wapiganaji wakaja mbio na mikuki na ngao, wakafika karibu kweli kweli, na wakaanguka hapo. Waliouawa na kujeruhiwa walikuwa mamia. Afisa mmoja wa polisi wa kikoloni aliyeandika kuhusu siku hiyo alisema rashasha ilipiga kwa muda mrefu hadi chuma chake kikakaribia kuwa chekundu kwa moto.

Mtu anaweza kusema hapo ni bunduki ilishinda, hadithi ya ardhi haina maana. Nakataa, kidogo. Bunduki ilihitaji uwanja ulio wazi mbele yake, na ilihitaji watu wakubali kuuvuka huo uwanja. Kwa nini walikubali? Kwa sababu msafara wa kikoloni haukuja kuchukua kilima. Ulikuja kuchukua ng'ombe na kuchoma nyumba. Orwaki inalinda boma dhidi ya mvamizi wa usiku anayetaka kuondoka kabla ya mapambazuko. Haisaidii dhidi ya mtu anayepiga kambi wiki nzima akiswaga mifugo yote ya mtaa na kuteketeza mtama ghalani. Huwezi kukaa mwambani Manga ukiangalia moshi wa nyumbani kwenu. Ukishuka tu kuokoa ng'ombe, wewe ndiye mshambuliaji sasa, na yeye ndiye aliyekaa kwenye ngome. Ngome yake ni watu na chuma, na anaihamisha popote anapotaka.

Kitu kile kile kilitokea Januari 1908. Otenyo, ambaye simulizi zinasema alichochewa na mama yake mdogo, Moraa, alimvizia afisa wa serikali, Geoffry Northcote, njiani na kumchoma mkuki. Wakisii walimwita Nyarigoti. Hakufa. Wacha nikupe hii kando: huyo huyo Northcote alipanda ngazi za ukoloni hadi akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937.

Ukiangalia kile kitendo kwa jicho la ardhi, Otenyo alifanya kila kitu sawa. Hakungoja mraba upangwe. Alichagua mahali, alichagua saa, alimpata adui akiwa safarini bila ngome yake. Kama Gusii nzima ingepigana hivyo kwa miezi, kwenye hizi kona na migomba, sidhani Waingereza wangemaliza haraka. Lakini jibu la serikali halikumtafuta Otenyo peke yake. Jeshi lilipita likichoma nyumba na kukusanya ng'ombe kwa maelfu, na watu waliuawa wengi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni huko London, aliandika akihoji kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua watu wasioweza kujitetea kwa kiwango kile. Churchill, wasee. Mtu ambaye hakuwa anajulikana kwa huruma na makoloni.

Baada ya hapo serikali ikapiga marufuku egesarate. Wengi husema ilikuwa ni kuzuia vijana kuvamia majirani, na hiyo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba waliondoa kambi ambazo kila moja ilikuwa na vijana walioamka, wenye silaha, wanaojua kila njia ya bonde lao.

12 Septemba 1914: Wajerumani kwenye bakuli

Kituo cha serikali kilikuwa kimewekwa Kisii tangu 1907. Kwa kutawala, hapo ni sawa: kuna maji, ni katikati. Kwa kupigana, ni balaa. Mji umekaa kwenye bakuli. Nyanchwa inauangalia kutoka upande mmoja, migongo mingine inauzunguka, na kaskazini ukuta wa Manga umesimama. Yeyote aliyelala mjini bila watu wake juu ya vilima amejiweka kwenye sahani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, mpaka kati ya Kenya ya Waingereza na Tanganyika ya Wajerumani ukawa laini ya vita. Mwezi uliofuata Wajerumani wakavuka kutoka kusini wakiongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen. Alikuwa na Wazungu karibu 50, askari Waafrika zaidi ya 200, wapagazi wengi, rashasha, na mzinga mdogo. Maafisa wa Uingereza wakaiacha Kisii. Wajerumani wakaingia bila kupigwa hata jiwe.

Upande wa pili, Kapteni Thorneycroft wa kikosi cha nne cha KAR, kile cha Uganda, akashuka Kendu Bay na askari kama 240. Kutoka hapo ni kupanda tu, siku nzima na zaidi, kutoka joto la ziwa hadi baridi ya Gusii. Idadi yake ilikuwa ndogo kuliko ya adui na hakuwa na mzinga. Kwa karatasi, huyu ndiye wa kuchapwa.

Asubuhi ya tarehe 12 askari wake walikuwa juu ya migongo inayoangalia mji, na Wajerumani walikuwa chini. Hilo ndilo kosa lote la Bock, na ni kosa la mtu aliyedhani ameshashinda. Ukiingia mji wa bakuli, kitu cha kwanza kabla hata ya kutafuta chai ni kutuma watu kwenye ukingo. Risasi za kwanza ziliwapata wakikimbilia kujipanga.

Kilichofuata kilikuwa siku ndefu. Wajerumani hawakukaa kufa mjini, walipanda. Walijaribu mbele, walijaribu kuzunguka pembeni ili waupate ubavu wa KAR. Hiyo ya pembeni ilikuwa akili, ni ile ile ya Smuts baadaye kule Salaita. Lakini Smuts alikuwa na jeshi kubwa na nafasi ya kuzunguka kwa mbali. Kisii, ukizunguka kilima kimoja unaanguka kwa bonde la kingine, na aliye juu anakuona ukihangaika. Halafu kuna mambo mawili yaliyowaumiza zaidi. La kwanza: Wazungu wao walitangulia mbele ya askari, kwenye mteremko ulio wazi, na wakapungua haraka. Kikosi cha wakati huo kilitegemea amri za mdomo, kwa hivyo kila afisa aliyeanguka aliacha kundi la watu wasiojua waende wapi. La pili: askari wengi wa Kijerumani mwaka 1914 walikuwa bado wanatumia bunduki za modeli ya 1871, zenye baruti ya moshi. Ukifyatua, wingu jeupe linatokea juu ya kichwa chako. Jificha penye unataka, kwa migomba ama nyuma ya jiwe, umeshajitangaza kwa kila mtu aliye juu.

Kwa hivyo KAR walishinda? Tulia. Thorneycroft mwenyewe aliuawa siku hiyo. Na mlima una deni ambalo watu husahau: kila kitu unachotumia huko juu lazima kipandishwe. Maji, chakula, risasi. Ukiwa na risasi 100 na unapiga 10 kwa dakika, ndani ya dakika 10 umebaki na rungu. Bila shaka hawakupiga kwa mfululizo hivyo, lakini vita vya siku nzima dhidi ya watu wengi kuliko wewe vinakula mfuko. Jioni ikiingia, KAR walikuwa wanaishiwa, kamanda wao amekufa, na hawakujua hali ya adui iko vipi huko chini gizani. Wakarudi nyuma.

Na huko chini, wakati ule ule, Wajerumani waliamua kwamba wao ndio wameshindwa. Wakakusanya waliobaki, wakaelekea mpakani, wakaacha majeruhi wao Kisii. Majeshi mawili yakahepa usiku mmoja, kila moja likidhani lingine limechukua mji. KAR waliporudi walikuta hakuna wa kupigana naye.

Wanahistoria wa kijeshi huandika Kisii kama ushindi wa Waingereza, na kwa ramani ni sawa, ju Wajerumani hawakurudi tena kujaribu kuuchukua. Mimi naona ukingo wa bakuli ndio ulishinda. Ulimpa kikosi kidogo siku moja ya kupigana sawa na kikubwa, na siku moja ilitosha kwa sababu mgeni hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia isipokuwa kwao. Kama Bock angeweka rashasha zake juu ya vilima tarehe 11 jioni, Thorneycroft angelazimika kupanda kutoka Kendu moja kwa moja hadi kwenye midomo yake. Saa chache za kutembea mlimani ndizo zilitenganisha hayo matokeo mawili.

Na wenye vilima?

Sasa hapa ndipo stori inauma. Siku ile, wenyeji walikuwa wapi? Walikuwa juu, mbali kidogo, wakitazama. Miaka sita tu iliyopita walikuwa wameona nyumba zao zikichomwa na hawa hawa waliokuwa wakiuana bondeni. Maafisa walikuwa wamehama, Wajerumani wakahama, KAR wakahama. Mji ukabaki mtupu, milango wazi. Watu wakashuka wakaupora: ofisi, maduka, kila kitu cha kubebeka. Wengine waliamini utawala wa wazungu umeisha kabisa, na mahubiri ya dini ya Mumbo, iliyoanza upande wa ziwa mwaka uliotangulia na kusema wazungu wataondoka, yakapata wasikilizaji wengi zaidi.

Haukuwa umeisha. Waingereza waliporudi walitoza faini, na faini hiyo, ka kawaida, ililipwa kwa ng'ombe. Hakuna mtu aliyehitaji kupanda kilima chochote kuwakamata wahusika. Ilitosha kushika mifugo na kungoja wenyewe waje.

Halafu ikaja kazi ya kubeba. Vita viliposonga kusini kuingia Tanganyika, jeshi lilihitaji watu wa kubeba chakula na risasi kupitia misitu isiyo na barabara, na vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu, wengi wakafa kwa kuhara na malaria mbali na nyumbani. Jina la kikosi hicho cha wabebaji kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lilizaa Kariokor ya Nairobi, hapo unapokula nyama choma siku ya Jumapili. Kati ya waliobeba mizigo hiyo kulikuwa na wana wa vilima vya Gusii, wakipandisha risasi za mtu mwingine kwenye milima ambayo hawakuijua.